Springi za Datsun 240Z, Arusha 2014

Springi alizokuja nazo mzee zilikuwa za mbio. Zilipakwa rangi nyeusi, waya mnene, fupi kuliko za kiwandani kwa urefu wa kiganja. Gari lilikuwa Datsun 240Z la mwaka 1972, aina ileile iliyoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973. Ila yale ya Safari yaliinuliwa juu, na mzee alitaka lake likae chini, lishike barabara, na limfikishe Moshi bila kumvunja mgongo. Gereji ilikuwa uani kwa mtu, Njiro.

"Fundi, hizi ndizo wanazofunga wenye mbio."

"Ni kweli mzee, lakini wenzetu hao hawapiti matuta ya Tengeru."

Kabla ya kubishana zaidi tulizipima. Springi isiyo na karatasi ya vipimo hupimwa kwa mizani ya bafuni na presi ya haidroli: mizani chini, kipande cha bati nene juu yake, springi imesimama wima, halafu unaibana 25 mm na kusoma kilo. Usiibane zaidi ya hapo kama huna kizuizi pembeni, maana ikiteleza inaruka. Za zamani za mbele zilisoma kama kilo 37, yaani 1.5 kwa kila milimita, na hicho ndicho kiwango chake cha kiwandani. Za nyuma huwa karibu 1.8. Zile nyeusi zilisoma kilo 100. Hiyo ni 4 kwa milimita, na zingeshusha gari 50 mm.

Hatua iliyofuata ndiyo mafundi wengi huiruka. Mguu wa mbele wa 240Z ni bomba lililoshikana na kitovu cha gurudumu, shokapu iko ndani ya bomba, springi imekaa nje. Tuliutoa mguu, tukabana springi kwa vibanio viwili, tukafungua nati ya katikati (usiiguse kamwe kabla springi haijabanwa), kisha tukaurudisha mguu mahali pake bila springi. Kwa jeki ya chini tulipandisha na kushusha gurudumu huku tukipima. Kutoka kimo cha kawaida, gurudumu lilikuwa na 75 mm za kupanda kabla ya kugusa raba ya kugotea (inayozuia chuma kugonga chuma), na 75 nyingine za kushuka.

Hesabu ikajipanga yenyewe. Springi ya zamani ikibonyea 75 mm inapokea kilo 112 za ziada kabla ya raba kugongwa. Ukilishusha gari 50 mm zinabaki 25 za kupanda, na springi ngumu ya 4 inapokea kilo 100 tu. Maana yake springi ya mbio, pamoja na ugumu wake wote, ingegota mapema kuliko ya kiwandani iliyochoka. Mzee aliitazama karatasi kwa muda, akavua miwani, akaomba kikokotoo arudie mwenyewe.

Upande wa kushuka ulikuwa mbaya zaidi. Kila kona ya gari hilo inabeba karibu kilo 250 juu ya springi, kwa hiyo ya 4 inabonyea 62 mm tu gari likisimama. Gari likishushwa 50, mguu unakuwa na 125 za kuning'inia (75 za awali na 50 hizo). Ukipiga jeki, au ukiruka tuta, springi inalegea ndani ya kikalio chake (sahani inayoikalia) kwa zaidi ya 60 mm, inaweza kugeuka na kurudi vibaya. Wenye mbio hulikata bomba, wakalichomelea tena na kuweka shokapu fupi. Kwa gari la barabarani sioni sababu ya kukata chuma kilichobeba gurudumu.

Tulichoagiza kilikuwa springi za 2.35 mbele na 2.6 nyuma, gari lishuke 25 mm tu. Zikibonyea 50 zilizobaki zinapokea kilo 117, kidogo juu ya za zamani, na gurudumu likining'inia bado zimebanwa kwa milimita chache. Nyuma ziwe ngumu kidogo kwa makusudi: tairi za mbele hupanda tuta kwanza, nyuma ikitikisika haraka zaidi inaiwahi mbele, na gari halibembei. Kukata mizunguko ya springi za zamani, wazo alilolileta kijana mmoja wa gereji, kungeongeza ugumu kidogo tu (mzunguko mmoja kati ya saba ni kama asilimia 17) na kuharibu ncha inayokaa kwenye kikalio.

Springi ikiongezeka ugumu kwa zaidi ya nusu, shokapu nayo lazima izuie zaidi, kama robo hivi, hasa wakati springi inajinyoosha baada ya kubonyea. Tulichagua katriji (shokapu zilizofungwa kamili, za kutumbukiza ndani ya bomba) zinazorekebishika. Nati kubwa ya juu ya bomba ilikuwa imeshika kutu; ililainishwa usiku kucha kwa mafuta ya kupenyeza, asubuhi ikafunguka kwa spana ya bomba. Mafuta ya zamani yalimwagwa, bomba likasafishwa, kisha tukatia oili kidogo kabla ya katriji. Oili hiyo haizuii mtikisiko, kazi yake ni kuhamisha joto kutoka kwenye katriji kwenda kwenye bomba. Ukijaza mno inafurika unapofunga nati.

Maunti za juu, vishikizo vya raba vinavyofunga mguu kwenye bodi, zilikuwa zimepasuka zote nne, zikabadilishwa. Hapa usibane matumizi, kwa sababu maunti mbovu hugonga na utailaumu shokapu mpya.

Gari likishuka, mkono wa chini (chuma kinachounganisha chini ya mguu na bodi) unapoteza mteremko wake, na tai rodi (fimbo ya usukani) inaanza kuvuta gurudumu kila linapopanda. Kwa 25 mm hali inavumilika. Kwa 50 ungehitaji kipande cha chuma kati ya chini ya mguu na mkono wa usukani, pale penye bolti mbili.

Bushi za mikono, yaani raba za kwenye viungo vyake, hazikukazwa gari likiwa hewani. Gari lilishushwa chini, likasukumwa mbele na nyuma, watu wawili wakakaa ndani, ndipo nati zikakazwa. Raba ikikazwa gurudumu likiwa limening'inia, inabaki imejipinda maisha yake yote na hupasuka mapema. Alaimenti ilifuata baada ya wiki, springi zikiwa zimekaa.

Shokapu tulizianzia kwenye kiwango laini kabisa, tukaelekea Usa River. Nyuma ilicheza mara mbili baada ya kila tuta, tukaongeza ugumu wa shokapu kwa robo mzunguko, ikatulia. Mzee aliomba tuongeze tena mbele, akaendesha hadi Kikatiti, akarudi akasema tupunguze.