Siku yangu gereji: Humvee na mipira miwili ya boneti

Saa 12 na nusu asubuhi. Mwezi wa saba Arusha hauna huruma na mtu anayeshika spana. Mlima Meru umejificha kwenye wingu, chuma kinauma vidole, na kwenye Hiace kutoka Sakina kila mtu kajikunyata kwenye jaketi lake. Nashuka Kilombero, namalizia kwa miguu hadi Unga Limited. Gereji yetu ni uwanja wa vumbi wenye mabati upande mmoja, na riziki yetu kubwa ni magari ya watalii: Land Cruiser zinazorudi kutoka porini springi zimekatika na bushi zimekwisha.

Saa 1. Leo getini kuna mgeni. Humvee, ile gari ya jeshi la Marekani, rangi ya mchanga, usukani kushoto. Magari haya yakimaliza utumishi hupigwa mnada, na tangu mwishoni mwa 2014 raia wa huko wanaruhusiwa kuyanunua. Hii iko mikononi mwa mzee mmoja Mzungu anayezunguka nayo Afrika. Jana kaingia kupitia Namanga. Upana wake unazidi mita 2, kwa hiyo kabla haijaingia ilibidi tumwombe mama ntilie ahamishe jiko na mabenchi. Akahamisha, ila kwa masharti kwamba leo wote tunakula kwake.

Vijana wa bodaboda wamejazana wanapiga picha. Nao hawajui kwamba dubwana lote hilo limeletwa kwa sababu ya vipande viwili vya mpira.

Boneti ya Humvee imefungwa ubavuni kwa mpira mmoja kila upande, karibu na kioo cha mbele. Chini mpira umeshikwa kwenye bodi, juu una kishikio cha umbo la T ambacho unakivuta na kukiingiza kwenye ndoano iliyo kwenye boneti. Basi. Wa kushoto umekatika na mwenye gari kaufunga kwa tyubu ya baiskeli. Wa kulia bado umeshika, lakini ukiukunja unaona mistari midogo inafunguka, yote imekingama na upande ambao mpira unavutwa. Mpira wa namna hiyo hauna siku nyingi.

"Kaka, gari la vita linafungwa na mpira?" chalii wangu wa gereji anauliza.

Swali zuri, na jibu lake ndilo kazi yenyewe ya leo. Boneti hii ni ya faiba, ni pana, na rejeta imelala mshazari chini yake. Bodi ni ya alumini iliyopigwa riveti. Gari ikipita kwenye mashimo, bodi inajinyonga na boneti inacheza. Ukiifunga kwa loki ya chuma isiyotoa hata kidogo, nguvu yote inakwenda kwenye faiba pale penye bolti, na faiba ikianza kupasuka haijui kusimama. Mpira unavutika, unarudi, unameza mtikisiko. Kwa hiyo anayekuja kuniambia "fundi, niwekee kufuli za chuma za maana" namkatalia kwanza, tunabishana baadaye.

Kuna kitu kingine ambacho watu hukosea kuhusu gari hii. Wanaogopa boneti itainuka na kuwafunika kioo barabarani, kama ilivyowahi kumtokea dereva mwenye Land Rover ambayo loki imechoka. Boneti ya Humvee bawaba zake ziko mbele, inafungukia mbele, upepo unaikandamiza chini. Hatari yake ni nyingine: barabara ya mawimbimawimbi inaipigisha juu-chini maelfu ya mara, mpaka bawaba na matundu ya bolti yanaliwa.

Saa 2 na nusu. Mzee jirani, dereva mstaafu wa malori ya jeshi, kapita kunywa chai kama kawaida yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Hili nalo mmeliokota wapi?"

Anaizunguka gari mikono nyuma, anavuta mpira wa kulia kwa kidole, anatikisa kichwa. Anatuambia enzi zao mipira kama hii ilikaguliwa asubuhi pamoja na oili na maji, na dereva aliyeiruka alijieleza. Kisha anaagiza chapati mbili na supu kwa hesabu yangu.

Saa 3. Mwenye gari anafungua sanduku lake la spea. Kumbe anayo mipira mipya, jozi, ndani ya mfuko wa jeshi wenye namba ndefu ya tarakimu 13, ile ambayo jeshi hutumia kutambua kila spea. Namba hizi zina mpangilio: nne za mwanzo zinataja kundi la kifaa, mbili zinazofuata zinataja nchi iliyokisajili, na 00 au 01 ni Marekani. Anazisoma kwa fahari. Mimi naangalia kitu kingine. Nautoa mpira mmoja mfukoni, naukunja juani mpaka ncha zikutane. Mistari ileile. Haijawahi kufungwa kwenye gari lolote, lakini imekaa stoo mpaka imekauka. Mpira hauzeeki kwa kazi peke yake; joto, jua na gesi ya ozoni iliyo hewani vinaula hata ukiwa umepumzika. Mwenzake ni mzima kidogo, lakini siwezi kufunga mmoja mzuri na mmoja mbovu, boneti itakaa upande. Mzee wa watu kanywea. Namwambia asijali, mjini tutapata.

Saa 4 na nusu. Mjini, maduka ya spea za malori. Humvee hakuna anayeiuzia spea Arusha, lakini malori ya Kimarekani yenye pua ndefu nayo hufungwa boneti kwa mipira ya T ubavuni. Dada wa dukani hata haulizi ni ya gari gani, anaweka jozi tatu mezani. Nazikunja moja moja. Moja inanuka mpira wa kandambili na ni laini mno, hiyo nairudisha. Nyingine ni ngumu kiasi, nyeusi isiyong'aa, haina alama hata ikikunjwa kabisa. Ameanza na elfu 60, tumemalizana kwa elfu 45, na nimeomba risiti kwa sababu mwenye mali yuko gereji. Ni mirefu kidogo kuliko ya Humvee. Hilo linatatulika.

Mchana ni makande ya mama ntilie, kama tulivyoahidi.

Saa 8. Sasa kazi yenyewe. Boneti tumeifungua, tumeisimamisha kwa fimbo yake, na chalii kaishikilia kwa sababu upepo wa mchana umeanza. Bolti za chini zimegoma. Kuzunguka vichwa vyake kuna unga mweupe: bolti ni za chuma, bodi ni alumini, na vikikutana na unyevu alumini ndiyo inayoliwa. Ukilazimisha hapo unang'oa na kipande cha bodi. Tumepulizia mafuta ya kulegeza kutu, tumesubiri, tumegonga kidogo kwa nyundo, tumesubiri tena. Zikatoka zote isipokuwa moja, hiyo tukaikata kichwa kwa drili.

Kwenye faiba, tundu la ndoano ya kushoto limekuwa yai. Hiyo ni kazi ya tyubu ya baiskeli: inavutika vizuri lakini hairudi yote, kwa hiyo boneti imekuwa ikiruka upande huo kilomita zote hizo. Nimevaa barakoa, nikasugua kingo (vumbi la faiba likiingia kwenye shati utajikuna mpaka kesho), nikajaza gundi ya epoksi, na ilipokauka nikatoboa upya. Nyuma nimeweka washa pana na nati zenye plastiki ndani ili zisilegee. Faiba haitaki kukazwa kwa hasira. Ukisikia inalia, umeshapita.

Kuhusu urefu, sipendi kutoboa gari la mtu matundu mapya. Nimekata kipande cha alumini, nikakifunga kwenye matundu yaleyale ya zamani, na mpira nikaushikiza chini kidogo kwenye kipande hicho. Kipimo changu ni mkono: kishikio kiingie kwenye ndoano kwa kuvuta kwa mkono mmoja, mtu aone kazi lakini asitumie mguu. Ukivutwa mno muda wote, utapasuka mapema.

Saa 11. Majaribio. Nimebandika utepe wa karatasi, nusu kwenye boneti nusu kwenye bodi, nikachora mstari wa kalamu ukivuka zote mbili, halafu tumetafuta barabara mbaya, na hapa kwetu haitafutwi mbali. Tumerudi, mstari wa kulia umekaa palepale, wa kushoto umesogea chini ya milimita moja. Naridhika.

Mwenye gari anaelekea Mto wa Mbu, Engaruka, hadi Ziwa Natron, na barabara ile itanisahihisha kama nimekosea. Nimemwambia akague nati akifika Engaruka, asipake mipira grisi wala dizeli ili ing'ae, na ule mpira mzima kidogo wa jeshi auweke kwenye sanduku kama akiba. Kalipa bila kubishana. Mzee jirani, ambaye alirudi saa 10 "kusimamia", ananikumbusha kuwa ile supu ya asubuhi bado sijamlipa mama ntilie, na nyuma ya Humvee kuna Noah inayosubiri breki tangu saa 9.