Leaf hii au ningoje mpya?

Kuna gari la umeme, Nissan Leaf ya 2019, kwenye yadi ya magari, betri ya kilowati-saa 40, na bei naiweza. Kinachonikwaza ni joto. Leaf za kizazi hicho hazipozi betri kwa maji, zategemea hewa tu, na Januari yetu hapa Mombasa mwaijua wenyewe. Joto ndilo linaloila betri. Ile iliyoundwa upya na kuzinduliwa 2025 inapoza kwa maji, tena kuna ya kilowati-saa 75. Moyo ukasema ngoja.

Ningoje hadi lini lakini? Sisi hungoja mitumba ya Japani isiyozidi miaka 8. Mpaka wa huko aichoke yake, ishuke Kilindini, ilipiwe ushuru, mie bado nabanana kwenye matatu ya Mtwapa! Kaka yangu kanicheka: "Wangoja meli airport."

Basi naichukua hii, mradi fundi aipime betri kwa mashine. Vile vistari 12 vya dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri, sitoshelezwi navyo. Mtwapa hadi mjini na kurudi hazifiki kilomita 50, nitachaji usiku kukiwa na ubaridi kidogo.

Mwenye Leaf hapa Pwani, yako betri imebaki vipi?