Trekta la baba na nyoka ya shaba

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii usingizi umekuwa wa shida na siyo ugonjwa wala madeni, ni trekta. Massey Ferguson 135 la marehemu baba, yale mekundu yaliyotoka Coventry, Uingereza, miaka ya 60 na 70, watu wa Karatu mnayajua. Sasa limekaa tu bandani pampu imekufa, mdogo wangu anasema liuzwe chuma chakavu, kaka anasema atakayeligusa ataona cha moto, na mimi nipo katikati, kila mtu ananipigia simu.

Jumanne nikawa nasoma 2 Wafalme 18, kufika mstari wa 4 nikakwama. Mfalme Hezekia anaivunja nyoka ya shaba. Jamani, ile siyo sanamu ya Baali! Musa aliitengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe, Hesabu 21 iko wazi, watu waliumwa na nyoka wakaitazama wakapona. Lakini vizazi vimepita, wajukuu wanaifukizia uvumba, na haponi mtu.

Sisemi tuvunje matrekta. Nabothi alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba la urithi wa baba zake, akauawa, na Mungu akamhukumu Ahabu kwa ajili yake, kwa hiyo kupenda cha mzazi siyo dhambi, hilo tulimalize hapo.

Ila hili niliseme hata kama litauma. Kuna nyumba trekta la babu limejengewa banda la bati, limepakwa rangi, kila Krismasi wajukuu wanapiga picha wameegemea tairi, halafu bibi yao, mke wa huyohuyo babu, analima kwa jembe la mkono na mgongo umeshapinda! Kuna ndugu wa tumbo moja hawajasalimiana tangu matanga kisa kadi ya trekta, na Jumapili wote wawili wanashiriki meza ya Bwana. Hiyo ni heshima ya baba gani sasa?

Baba yetu injini ikivuta hewa alikuwa analegeza skrubu za kutolea hewa kwenye filta ya dizeli kwa spana, sisi watoto tunapampu kale kamkono ka pampu ya dizeli mpaka mapovu yaishe, dizeli ije safi, ndo anakaza. Likishawaka, haanzi shamba letu. Anaenda kwa mama mmoja mjane jirani, ekari yake moja, hela hachukui, anapewa uji basi. Tukinung'unika kwamba mvua itatukuta anasema, "Itatukuta tunalima." Sasa niambieni, ile ekari inalimwa na nani siku hizi? Mama yule bado yupo, kazeeka, na trekta lililokuwa linamlimia liko mita chache toka mlangoni kwake, kuku wanatagia kwenye kiti.

Nimewaambia ndugu zangu fundi aje aiangalie pampu, spea za 135 zipo mpaka vibandani. Likiwaka, ekari ya kwanza ni ya yule mama. Likishindikana kabisa liuzwe, na hela hiyo imlimie yeye kwanza ndo tugawane inayobaki. Mdogo wangu kakubali, kaka hajajibu, mniombee.

Na nyie wenye matrekta mazima, mvua zinakaribia. Majina ya wajane wanaotafuta wa kuwalimia anayo mzee wa kanisa, dizeli tutachanga.