Nyenje Walioingia Jumuiyani

Sala ya jumuiya ilipoangukia zamu ya kwetu, shangazi alideki sebule mara mbili na kuazima mabenchi kwa jirani. Nyumba ilikuwa Pasua, Moshi, na chumba cha nyuma tulilala mimi na kaka, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa akisoma bayolojia chuoni. Tulilala sisi na vyura wake. Aliwachota wakiwa viluwiluwi kwenye majaruba ya mpunga Mabogini, wakaota miguu, wakahamia kwenye sanduku la kioo aliloungiwa na fundi wa madirisha. Alikuwa akiwapima kwa rula na kuandika kwenye daftari.

Chura aliyetoka majini karibuni ni mdogo mno, na hali kitu kisichojongea. Kwa hiyo kaka alifuga na nyenje, kwenye ndoo yenye trei za mayai, na kikopo cha mchanga wenye unyevu wa kutagia. Shida ilikuwa hapo: chura mdogo anataka nyenje mdogo, na nyenje mdogo hupita popote.

Basi tuko katikati ya rozari, nyenje akachomoka chini ya kochi, akatua kwenye kitenge cha mama mwenyekiti. Sala ikakatika. Wa pili akatumbukia kwenye kikombe cha chai. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa, shangazi hakucheka. Wageni walipoondoka akaja kusimama mlangoni kwetu.

“Wanangu, sina ugomvi na masomo ya mtu. Ila nikimwona tena mdudu sebuleni kwangu, hao vyura watarudi Mabogini walikotoka.”

“Shikamoo shangazi,” kaka akajibu, maana alikosa la kusema. Walishasalimiana asubuhi.

Aliniapia kwamba kifuniko cha sanduku kilikuwa kimefungwa, na kweli kilikuwa kimefungwa. Usiku ule tukazima taa, tukakaa kitandani na tochi ya simu iliyofunikwa kitambaa, kwa sababu nyenje huchangamka gizani. Kwenye kioo kisafi hana pa kushika, akipanda anateleza. Lakini vyura walikuwa wakinyunyiziwa maji kila siku, na matone yaliyokauka yalikuwa yameacha utando mweupe kwenye kioo. Tukamwona mmoja, wa milimita mbili tatu hivi, anafuata kona pale gundi ya silikoni ilipozibia mshono. Anapanda, anasimama, anapepesa vipapasio vyake, anaendelea. Alipofika juu akapita kwenye tundu la waya wa taa, akatoka nje kama abiria mwenye tiketi yake. Nyuma yake alikuwa anakuja mwingine.

Wale wakubwa, waliovuruga rozari, walikuwa na njia yao. Ndoo ilifunikwa kipande cha chandarua kilichobanwa na mpira, na upande uliotazama ukuta kulikuwa na tobo lenye kingo zilizochakaa. Walikuwa wamekitafuna. Chandarua humzuia mbu kwa sababu mbu hana meno ya kazi hiyo, nyenje anayo.

Kulipokucha tukaenda soko la Mbuyuni, tukanunua chekecheo la unga lenye wavu wa chuma. Muuzaji alishangaa kuona tunaling'oa wavu hapo hapo mbele yake. Kaka alikata dirisha kwenye kifuniko cha ndoo, akabandika wavu kwa silikoni, na chumba kikanuka siki ya silikoni siku nzima. Tundu la waya tukaliziba kwa stiliwaya ya kusugulia sufuria. Mimi nilitaka sponji, akakataa, akasema nayo wataila. Kioo tukakisugua kwa siki ya jikoni mpaka kikang'aa, halafu tukapaka vaselini mkanda wa vidole viwili ndani, juu kabisa chini ya kifuniko. Juu kabisa, kwa kuwa chura hunywa maji kupitia ngozi, si mnyama wa kupakwa mafuta. Kwangu mimi stiliwaya ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Vaselini hushika vumbi upesi, na ikishashika vumbi inakuwa barabara tu, kwa hiyo ilibidi tuifute na kuipaka upya.

Tukaacha pia kuwamwaga nyenje ovyo sandukuni. Waliingia kwenye bakuli lenye kuta laini, vyura wakalizoea, na waliobaki jioni tukawatoa, kwa sababu nyenje mwenye njaa humng'ata chura usiku.

Likabaki suala la kuwahamisha kutoka kwenye ndoo bila kuruka. Mdudu akipata baridi hulegea, kaka akaomba nafasi ya kikopo kwenye friji, dakika chache tu.

“Friji gani?” shangazi akauliza. “Hii yenye maziwa yangu?”

Alikataa katakata. Akatupa beseni kuukuu na kipande cha barafu, akatuonyesha mlango wa uani. Kikopo kikawa kinaelea humo kila tulipowalisha, nyenje wakilegea tunawakung'uta bakulini, na beseni lile hakutaka kurudishiwa.