Nilivyomtafutia profesa cheti cha udaktari Ohio

Profesa alifika ofisini kwetu chuoni, Columbus, Ohio, na wasifu wa kurasa 61. Alikuwa akifundisha upasuaji Italia tangu mimi nikiwa shule ya msingi Morogoro. Chuo kilishamwajiri, na kwa maneno ya wakubwa zangu vilibaki "vikaratasi tu" vya kumruhusu kutibu wagonjwa. Vikaratasi hivyo vilinilia miezi saba.

Kwa kawaida daktari aliyesomea nje akitaka kutibu Marekani hufanya mtihani wa taifa wenye hatua tatu, kisha hurudi hospitali kama mwanagenzi, azipige zamu za usiku. Nani atamtuma huko mzee wa miaka 58 aliyefundisha mabingwa? Ndiyo maana Ohio ina mlango wa pembeni, cheti ambacho kwa Kiswahili ningekiita "cheti cha ubingwa usiobishaniwa". Jina tamu. Bodi ya jimbo inayowapa madaktari vibali inabisha vilevile.

Sheria imetaja vigezo vinane, na mwombaji lazima atimize angalau vinne: makala katika majarida yanayotambulika, tuzo, utafiti alioongoza, ruzuku za kushindaniwa, kukagua kazi za wenzake, tiba mpya aliyobuni na kadhalika. Tamaa ikaniponza. Nilijaza vyote vinane nikidhani faili nene ndilo linaloheshimiwa. Mwanasheria wa chuo alilirudisha na swali moja: "Huu upasuaji mpya, nani anasema ni mpya? Yeye au wenzake?" Sheria inataka wenzake. Barua nilizokuwa nazo zilimsifia bidii na ucheshi, kama za posa.

Nikaanza upya. Niliwaandikia wapasuaji wa nchi tatu, nikawaomba waache sifa, waeleze kazi yenyewe: zamani ilifanywaje, yeye alibadili nini, na wao wanaitumiaje leo. Barua iliyotufaa kuliko zote ilikuwa nusu ukurasa. Vigezo nikavipunguza hadi vitano, kila kimoja na viambatisho vyake.

Halafu shahada. Ilibidi ithibitishwe na chuo chenyewe alikosoma. Kopi aliyonayo haikutosha. Hapo Profesa alinuna. "Mimi ndiye ninayewatahini watu wa hicho chuo!" Nikamwambia, Profesa, wewe hawakutilii shaka, ni hiyo karatasi. Akacheka kidogo, akapiga simu mwenyewe, na uthibitisho ukatumwa wiki hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimeshatuma barua pepe nne bila kujibiwa.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa kumweleza mipaka. Cheti hiki kinafuata ajira. Atatibu ndani ya kazi ya chuo na hospitali zake. Akiacha kazi, nacho kimekwisha, na hata asipoacha hakipiti miaka miwili bila kuhuishwa. Kumbe alikuwa ameshapatana na rafiki yake wafungue kliniki ya Jumamosi. Alikaa kimya, akaisoma tena ile aya, akatia saini. Kisha akaniuliza kama anaruhusiwa angalau kumpima mkewe presha nyumbani.