Pipa la mafuta pale Chang'ombe

Hii ilikuwa 2019, mwezi wa saba, mifuko ya plastiki ishapigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni, na pale Chang'ombe Dodoma kuna fundi kuchomelea nilikuwa namsaidia saidia, jirani yake mwenye duka akamwachia viroba vitatu vimejaa rambo maana nani anataka kukutwa nazo. Fundi alishaona kwenye simu watu wanapika plastiki inakuwa mafuta, akaniambia dogo, hapa tuna hela.

Tukachomelea mfuniko wa pipa hewa isipite (ikipita plastiki inaungua tu, mafuta hupati), bomba la chuma likapita kwenye ndoo ya maji, chini kuni. Yakatoka kweli! Kahawia, yananuka kama mafuta ya taa, ila kwa ile baridi ya asubuhi na upepo wetu mnaoujua nusu saa tu yakaganda kwenye dumu kama mshumaa, fundi anayachokoa na bisibisi anacheka peke yake.

Kesho yake tamaa. Tukashindilia kila kitu, chupa za maji, vipande vya mabomba ya plastiki ya maji taka. Moshi ukatokea kwenye maungio, mkali, unakaba koo, mama muuza vitumbua alitutukana mpaka tukazima moto. Kuja kufungua bomba limeziba unga, na siku mbili baadae ile kona ya chuma ishaliwa na kutu.

Jumamosi akaja mpwa wake anayesoma kemia UDOM. Shikamoo mjomba, marahaba, kachungulia bomba kaguna. "Mjomba haya mabomba ya plastiki yana klorini, ukiyapika inatoka asidi, na huu unga ni wa chupa zako." Akasema hata mitambo mikubwa ya petrokemikali huko Ulaya ikitaka kuweka mafuta ya taka za plastiki badala ya nafta (mafuta mepesi ya petroli wanayotengenezea plastiki) lazima klorini itolewe kwanza, la sivyo tanuru zinaliwa vilevile. Kumbe ugonjwa wetu na wao mmoja, wao pesa tu! Akaongeza kwamba Brazil kampuni ya Braskem inatengeneza plastiki kwa spiriti ya miwa tangu 2010.

Fundi kimyaaa, halafu: "Sasa na zabibu zetu?"

Binti akacheka mpaka akakaa chini. Jioni napita namkuta fundi kwenye kigoda anang'oa vifuniko vya chupa, vifuniko kwenye kiroba cha rambo, chupa pembeni, mabomba kayatupa nje ya geti.