Saa Tatu ya Chicago

Dada aliniambia saa tatu. Nilimsikia vizuri, tena nikarudia ili nisikosee: "Saa tatu, nje ya kituo cha mtaa wa 111?" Akasema ndiyo mdogo wangu, nitakuwepo na gari, na huku watu hawachelewi, uwe makini. Ilikuwa Ijumaa jioni, yeye anakimbilia kazini zamu ya usiku, mimi niko hoteli ya katikati ya Chicago ambayo bei yake ya usiku mmoja ni kodi ya miezi mitatu kwa chumba na sebule kule kwetu Tabora.

Jumamosi nikaamka gizani. Stesheni nikanunua kahawa: dola 6, kama elfu kumi na tano za kwetu, kodi ya serikali juu yake. Kisha yule kijana akanigeuzia kioo kinachouliza nitampa bakshishi asilimia 18, 20 au 25. Amenimiminia tu kwenye kikombe cha karatasi! Nikabonyeza 18 kwa aibu, foleni yote ikinitazama kisogoni.

Saa tatu kasorobo nilikuwa nimeshashuka Pullman, kusini mwa jiji, begi mgongoni, upepo wa Machi unapenya mpaka kwenye fizi. Saa tatu ikafika, hakuna gari. Saa tatu na nusu, hakuna. Laini yangu ya Tanzania kule ilikuwa saa ya mkononi tu, bando hakuna. Nikazunguka kutafuta duka, kibanda, mama ntilie, mtu wa kumwambia shikamoo. Nyumba za matofali mekundu zimepangwa mistari, zote ndugu, na barabarani sikuona mtu zaidi ya mzee mmoja na mbwa wake aliyevaa koti zuri kuliko langu.

Mbele nikaona mnara wenye saa kubwa. Nikaufuata, ndipo nikajua nimetupwa kwenye makumbusho. Mhifadhi mmoja, mama wa makamo mwenye kofia pana, aliniazima simu nimpigie dada. Imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Akanionea huruma, akaniambia ndani kuna joto, niangalie picha nikisubiri.

Basi nikaangalia picha. Kwa karibu saa tano nzima niliangalia picha.

Mji ule aliujenga tajiri wa mabehewa ya kulala, George Pullman, kuanzia 1880. Kiwanda chake, nyumba zake, soko lake. Mfanyakazi anapanga tu, kununua hakuna. Hata kanisa lilikuwa la kupangishwa, na kodi ilivyokuwa kali likakaa tupu kwa muda. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893, Pullman alipunguza mishahara kwa kama robo, lakini kodi ya nyumba hakuigusa. Mei 1894 watu wakaweka zana chini. Chama cha wafanyakazi wa reli cha Eugene Debs kikasusia kila treni yenye behewa la Pullman, na njia nyingi kutoka Chicago kwenda magharibi zikasimama. Rais Cleveland akatuma jeshi, watu wakafa, Debs akafungwa miezi sita. Pullman mwenyewe alipokufa mwaka 1897 familia ilimfukia usiku chini ya zege na vyuma vya reli, wakihofia watu watamfukua. Mahakama ikaja kuiamuru kampuni iuze zile nyumba.

Kilichonikwaza ni kwamba chama hicho cha Debs, kilichopigania wanyonge, kilikataa kuandikisha weusi. Na weusi ndio waliokuwa wakihudumia mabehewa yale. Pullman aliwaajiri wengi waliotoka utumwani, watandike vitanda, wabebe mizigo, wang'arishe viatu vya abiria usiku abiria akiwa amelala. Abiria aliwaita wote "George", jina la tajiri, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mshahara ulikuwa mdogo, wakaishi kwa bakshishi. Hapo nikaikumbuka ile asilimia 18 yangu. Nilidhani ni ujanja mpya wa mashine, kumbe mashine imerithi tu.

Halafu saa zao. Mhudumu alitakiwa afikishe saa 400 kwa mwezi au maili 11,000, ndipo apate mshahara kamili. Gawanya mwenyewe kwa siku 30. Mwaka 1925 wakaunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, wakapigana miaka 12, na mkataba wa 1937 ukazishusha hadi 240. Randolph huyohuyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa yale maandamano makubwa ya kudai haki za weusi ya Washington ya 1963, akiwa mzee wa miaka 74.

Sisi na dada tulikulia kota za reli. Baba zetu wote wawili walikuwa reli, king'ora kikilia mama anajua uji uwe umeshapoa. Nyumba ni ya kazi, kazi ikiisha na nyumba imeisha, na hakuna aliyeshangaa. Kwa hiyo ule mji haukuwa mgeni kwangu kama mhifadhi alivyotegemea. Kilichokuwa kigeni ni habari ya saa.

Zamani kila mji wa Marekani ulikuwa na saa yake: jua likiwa utosini, ni adhuhuri ya hapo. Kampuni za reli zikachoka na makumi ya saa zinazopishana kwa dakika. Zikakutana papo hapo Chicago mwaka 1883, zikaigawa nchi kanda, na Jumapili ya tarehe 18 Novemba saa zikabadilishwa. Chicago ilirudisha mishale nyuma dakika tisa na nusu. Bunge halikuulizwa. Sheria yenyewe ilikuja 1918, miaka 35 baadaye, wakati watu walishasahau kwamba jua lilikuwa na kauli.

Kwetu reli ilifika Tabora mwaka 1912 ikiwa na saa zake za kizungu. Tiketi ya baba iliandikwa 07:00, yeye anaisoma "saa moja", wala hajikwai. Mjerumani kaondoka, Mwingereza kaondoka, tiketi zimehamia kwenye simu, na saa moja bado ni saa moja tangu jua lichomoze. Nilijisifu kidogo mbele ya zile picha, njaa ikiniuma. Mashine ya biskuti ilikataa noti yangu.

Alasiri nikarudi kituoni. Mshale ulipogusa tatu, gari likakata kona. Dada akashuka na sare za kazi, makoti mawili juu yake, anacheka.

"Umeona? Saa tatu kamili!"

Nilishindwa hata kumkumbatia. "Dada, hii ni saa tisa."

Akanitazama, akatazama saa ya gari, akashika mdomo. Kisha akageuka mkali kama mama mkubwa mwenyewe: nani huku anasema saa tisa? Akimwambia msimamizi wa zamu saa tisa si atafukuzwa? Alikuwa amelala, simu kazima, maana usiku kucha amegeuza wazee kitandani na usiku huu anarudi tena. Analipwa kwa saa, alisema, dakika tano akichelewa zinakatwa, na saa za kichwani ni zile za mashine ya kugonga kadi. Miaka 19 sasa.

Nikanyamaza. Aliniletea sambusa kwenye foili, nikala tatu kabla ya taa za kwanza za barabarani.

Zilipowaka nyekundu akachukua simu, akamtumia mama mkubwa ujumbe wa sauti. Mgeni kafika salama, kakonda, tunaenda kula ugali. "Nitakupigia kesho saa tatu asubuhi mama, ukishakunywa chai."

Nikahesabu vidole. Saa tatu asubuhi ya Tabora, Chicago itakuwa saa saba usiku, mapumziko yake ya kazini.

"Saa tatu ipi hiyo?" nikamuuliza.

"Ya mama," akasema, taa zikaruhusu.